Waya wa Shaba na Sufuria ya Maharage

Gia ya pili ya lile lori ilikuwa inaimba. Sipambi maneno, hata Jilala, mpakia mawe wetu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisifia kitu, alikuwa akiisikia anasema, "Haya, bibi harusi huyo anashuka." Ilikuwa sauti nyembamba ya puani, uuuu ndefu isiyokatika, na ukiwa umekaa uwanjani kwa Mama Kulwa pale Kharumwa ungeisikia lori lenyewe likiwa bado nyuma ya mashamba ya pamba, linateremka taratibu na mzigo wake wa mawe kutoka kwenye maduara ya wachimba dhahabu kuja karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Mwezi uliopita nilipopigiwa simu kuambiwa Mzee Masanja, dereva wake, amefariki nyumbani kwake Ibadakuli, nilisikia ile gia kabla sijalisikia vizuri jina. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Niliiweka chini, nikakaa juu ya kizingiti, nikaisikiliza mpaka ikaisha, na iliishia palepale ilipoishia mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mtu wa kucheka. Kidato cha nne nilikuwa nimepata sifuri iliyonona, nikawaambia watu kwamba sifuri ni tairi, maana yake mimi ni wa magari. Niliota niwe mwanamke wa kwanza kuendesha lori zito wilayani kwetu. Mama Kulwa, mwenye lori, aliniajiri kutunza stoo na kupika chakula cha wafanyakazi, na mimi nikaona nimeshaingia gereji kwa mlango wa jikoni. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha matofali mabichi, dirisha moja dogo lililozibwa kwa kiroba, ndani kuna madumu ya mafuta, minyororo, spana zilizoning'inizwa kwa misumari kwa kufuata ukubwa, na kwenye kona gunia la michembe ya Mama Kulwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo ilishanuka dizeli lakini tuliila hivyo hivyo na chai. Hapo ndipo nililala na hapo ndipo nilipojifunza karibu kila ninachokijua.

Lori lilikuwa la jeshi la zamani, lililonunuliwa mnadani, magurudumu yote yanavuta. Rangi ya bluu aliyopaka Mama Kulwa ilikuwa imebanduka na kijani cha zamani kinachungulia kwenye milango. Mzee Masanja alikuwa ameendesha malori ya aina hiyo jeshini mpaka akastaafu, na alilijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Karibu na wenzo wa gia kulikuwa na kibati kilichopigwa riveti, kimeandikwa kwa Kiingereza mafuta gani yaingie wapi. Aliniambia nikinakili kwenye daftari.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Sasa nisikilize. Makopo ya mafuta ya gia yana namba. Kuna nne, kuna tano. Watu wakiona tano wanadhani ni kaka yake nne. Si kaka yake. Hiyo tano ina dawa kali, nzuri kwa difu za magari mapya, inalinda meno ya chuma. Lakini ikishapata moto inakula shaba. Na huyu," akaligonga lori begani, "ndani ya giaboksi yake amejaa pete za shaba na bushi za shaba. Huyu ni mzee mwenzangu. Ukimpa chakula cha vijana utamzika."

"Kwa hiyo nasoma namba nne, basi."

"Husomi tu. Karatasi ya kopo inabandikwa na mtu, na mtu ana njaa zake. Unapima."

Kipimo chake sijakiona kwa fundi mwingine yeyote. Alichukua kipande cha waya wa shaba kama urefu wa kidole, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama pete ya harusi, akakitumbukiza kwenye kopo la maziwa lenye mafuta yale mapya, kisha akaliweka kopo pembeni ya jiko, pale ninapochemshia maharage ya mchana. Maharage ndiyo yalikuwa saa yake. Yakiiva, unatoa waya. Ukitoka unang'aa, mafuta yanaingia kwenye lori. Ukitoka mweusi, yarudishe dukani, ugombane huko. "Na maharage yaive kweli," alisema, "harage lipondeke ulimini. Nusu maharage si kipimo." Tulicheka sana siku hiyo, kwa sababu Jilala alisema basi mwenye duka akitaka kutuibia atuuzie kwanza maharage yasiyoiva.

Naandika hivi na najua msomaji atajiuliza, sasa ugumu uko wapi? Hakuna ugumu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Lingekuwa jambo gumu ningejisamehe.

Mvua za masika zilipoisha, giaboksi ilitakiwa mafuta mapya, na Mzee Masanja akaanguka na malaria. Alilala chumba cha nyuma cha Mama Kulwa, blanketi mpaka kidevuni, meno yanagongana. Aliniita. "Minza, safari hii unafanya sevisi mwenyewe. Mwanzo mpaka mwisho, mtu asikuguse. Ukimaliza vizuri, siku nitakayoamka nakukalisha kwenye usukani, unalitoa hapa unalipeleka mpaka karashani." Sikulala usiku huo kwa furaha. Asubuhi nilipanda basi kwenda Shinyanga nikiwa nimevaa gauni la kanisani, eti nakwenda kununua mafuta ya gia.

Kwenye duka nililoingia namba nne ilikuwa imeisha. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, ana kalamu sikioni. "Dada, chukua tano. Tano imepita nne, inafanya kazi ya nne na chenji inabaki." Nilimwambia ni la lori la zamani la jeshi. Akasema, "Jeshi? Jeshi ndiyo linataka kitu kikali!" Nami nilijua. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wangu. Lakini kutafuta duka lingine kungefanya niachwe na basi, na kurudi mikono mitupu kungeuchelewesha ule usukani, na moyo wangu ukaniambia kwamba kipimo kipo, waya utaamua, kama ni baya nitarudi. Nilinunua dumu, nikalipakata safari nzima kama mtoto.

Siku iliyofuata niliweka sufuria jikoni, nikausugua waya, nikaweka kopo pembeni. Kwa muda mrefu nilichuchumaa nikipepea mkaa. Harufu ya mafuta yale ilikuwa ya kuudhi, kama nywele zinaungua. Fundi wa jirani niliyekuwa nimemwomba jeki alikuja akasimama mlangoni: "Minza, jeki naihitaji mchana, kama hufungui sasa basi mpaka kesho kutwa." Niliinua mfuniko. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupasuka ngozi. Nilivuta waya. Ulikuwa unang'aa. Mwekundu, msafi, unang'aa. Nikajisemea, si umeona? Kama ungekuwa mweusi si ungekuwa umeshaanza? Nikaingia chini ya lori, nikafungua plagi, nikamwaga ya zamani, nikajaza mapya mpaka yakachuruzika kwenye tundu, nikakaza. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na sijawahi kujiona mzuri kama siku ile.

Mchana nilimpelekea Mzee Masanja chakula chumbani. Ugali, maharage, na waya juu ya kisahani, kama mtu anayeleta zawadi. Aliushika, akauelekeza dirishani.

"Unang'aa," alisema.

"Unang'aa, mzee."

"Maharage yaliiva?"

"Yaliiva."

Akala. Alikula vijiko viwili vitatu tu, mdomo ulikuwa mchungu kwa dawa. Maharage yalikuwa bado magumu. Nilikuja kuyala mwenyewe baadaye nikayasikia yanavunjika kwa meno. Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza kama naye aliyasikia. Kama aliyasikia akanyamaza kwa kuniamini, au kwa homa, au kwa sababu binti alikuwa amesimama pale anatabasamu na grisi shavuni. Alisema, "Wabeja, ng'wana wane," yaani ahsante, mwanangu, akageukia ukutani.

Na usukani nilipewa. Alikaa kando yangu, mikono magotini, asiguse kitu. "Klachi. Ngoja. Klachi tena. Sasa ingiza, usimlazimishe, mwombe." Gia ya pili ikaingia, ikaimba, na wanawake waliokuwa wanaponda mawe pale karashani wakasimama na nyundo zao wakapiga vigelegele. Sijaendesha lori tena baada ya siku hiyo, lakini wakati ule nilidhani ndiyo naanza.

Kuelekea mwisho wa kiangazi gia ya pili ilianza kukwaruza. Kidogo tu, krr, halafu inaingia. Mzee Masanja alisema imekohoa, akasema akirudi kutoka kwao Ibadakuli, alikokwenda kuezua na kuezeka nyumba kabla ya mvua, tutaifungua. Mimi kwa bidii zangu nikaona nibadilishe mafuta kabla hajarudi, mabaki ya yale ya Shinyanga yalikuwapo kwenye dumu. Nikafungua plagi mafuta yakaingia kwenye karai. Jua lilikuwa limepiga pale. Yalitoka yanameremeta. Unga mwembamba wa rangi ya dhahabu, unazunguka ndani ya mafuta kama vumbi kwenye mwanga.

"Bhebhe, Minza!" Jilala alipiga kelele. "Lori limemeza duara!"

Mahali pengine popote duniani mtu angeona vile angesema chuma kinakufa. Kwetu tuliona mali. Lori linabeba mawe ya dhahabu mchana kutwa, vumbi linaingia kila tundu, kwa nini lisijikusanye humo? Ilionekana ni jambo la akili kabisa. Mama Kulwa alikuja mbio kanga imefungwa kifuani, akaangalia, akafunga geti. Jilala akaosha yale mafuta kwa sabuni ya unga, akayapepeta kwenye karai kwa maji kama wanavyopepeta mchanga mtoni, akadondosha zebaki. Zebaki ilishika unga kidogo, mwingine haikuushika. "Ni sababu ya oili," alisema, "dhahabu imelewa." Tulicheka. Mama Kulwa alichinja jogoo. Tukala wali na supu ya kuku uwanjani, mimi nikaambiwa nichague paja, na Mama Kulwa akafunga ule unga kwenye karatasi ya daftari langu, akasema atakwenda kuupima Geita.

"Na Mzee Masanja asijue," alisema, akinitazama mimi. "Dereva akisikia atasema lori ni lake. Minza, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kama Mzee Masanja angeona kile kijiko kimoja cha unga, angelifunga lori siku hiyo hiyo. Angekijua kwa kukitazama tu. Nikajaza mafuta yale yale ya namba tano kutoka kwenye dumu. Aliporudi aliniuliza, "Ya zamani yalitokaje?" Nikamwambia meusi tu, mzee, ya kawaida. Alikuwa ameniletea maziwa mgando kwenye kibuyu kutoka kwao. Niliyanywa.

Haikufika hata wiki mbili. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaisikia gia ya pili kilimani, inaimba, mbali, na nikatabasamu kama kawaida. Halafu ikakatika. Hakukuwa na krr. Ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo, na baada yake nikasikia injini inalia peke yake, tupu, bila kushika kitu, na honi. Honi ndefu. Mzee Masanja aliipiga mpaka mwisho ili watu watoke njiani. Watu walitoka, hakuna aliyeguswa hata mmoja. Breki peke yake hazikuweza ule mzigo na ule mteremko. Alilichepusha kwenye korongo na likalala kiubavu.

Alivunjika nyonga na mguu. Kwenye kibanda cha lori waliomwokoa walikuta chupa ndogo iliyowahi kuwa na pombe kali. Ilikuwa na maji ya betri, mimi ndiye niliyeijaza asubuhi. Lakini chupa ni chupa. Kufikia jioni karasha nzima ilikuwa inasema mzee alikuwa amelewa, na kesho yake hadithi ilikuwa na mashahidi. Mama Kulwa alirudi kutoka Geita siku ya tatu. Broka alikuwa ameusugua ule unga kwenye jiwe jeusi, akadondosha dawa, ukatoa povu la kijani. "Mama, hii shaba," alimwambia. "Umekwangua sufuria ya nani?" Mama Kulwa alinisimulia kwa aibu ya dhahabu tu, hakuunganisha na kitu kingine. Mimi niliunganisha.

Nilikwenda kumwona Mzee Masanja hospitalini. Wodi ya wanaume, vitanda vimesongana, mguu wake umening'inizwa na kamba yenye tofali. Harufu ya dawa na uji wa muhogo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimeyapanga maneno. Alinishika kidole.

"Minza. Nikuulize, usiogope. Yale maharage, siku ile. Yaliiva kweli?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anatutazama, anatafuna muwa.

"Yaliiva, baba," nilisema.

Alifumba macho. "Basi ni mkono wangu," alisema. "Mkono umezeeka. Niliingiza vibaya."

Hayo ndiyo maneno. Nimejaribu miaka yote kuyaandika upya kichwani yawe mengine. Mafundi nimewauliza, kwa mzunguko, kama mtu anayeuliza habari za gari la jirani. Mmoja alisema, lori la umri ule, shaba yake ingekwisha hata ukiliwekea maji ya baraka. Mwingine alisema si kila namba tano ni mbaya, nyingine zimepunguzwa ukali, hazigusi kitu. Nilishikilia hayo. Mabaki ya lile dumu, kama kikombe na nusu, niliyaweka kwenye chupa chini ya kitanda, nikahama nayo nyumba tatu. Kipimo kilikuwa mkononi mwangu siku zote. Sikukifanya. Maadamu sijapima, kulikuwa na uwezekano kwamba sikufanya kitu.

Msibani Ibadakuli nilikaa jikoni na wanawake, nikamenya viazi. Siku ya pili baada ya mazishi nilimfuata mjane wake, Mama Shija, kwenye chumba cha ndani. Magongo ya Mzee Masanja yalikuwa bado yameegemezwa ukutani, vipini vimefungwa kitambaa cha kaptula ya jeshi. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, maharage, waya, unga, chupa ya maji ya betri. Nilimaliza. Alikuwa anakunja shuka.

"Alikuwa ananiambia hakunywa," alisema hatimaye. "Mwanzoni. Halafu akaacha kusema."

"Hakunywa, mama."

"Miaka tisa nimemwekea chakula bila kumtazama usoni. Tukigombana namwita mlevi, mbele ya wajukuu. Alikuwa ananyamaza." Aliliweka shuka chini, akalikunjua, akaanza kulikunja upya. "Ungekuja hata mwaka jana."

Nilisema nisamehe. Aliuliza, "Na una hakika ni hayo mafuta?"

"Sina, mama."

"Huna." Akanitazama. "Umenijia na kitu ambacho hata wewe hukijui. Nenda kakijue, binti. Sasa niache nilale."

Nimerudi Kharumwa juzi. Leo ni Jumapili, majirani wako kanisani, uani nipo peke yangu. Nimechagua maharage, nimeyaosha, nimeyabandika. Nimekata waya, nimeusugua kwa msasa mpaka umeng'aa, nimeutumbukiza kwenye kopo na yale mafuta ya chini ya kitanda, nikaliweka pembeni ya jiko. Harufu ni ile ile. Nilikaa juu ya kigoda mikono magotini. Ngozi zilianza kupasuka. Hapo ndipo nilipoishia siku ile, na nilijikuta nimenyoosha mkono. Niliurudisha. Niliongeza maji. Niliongeza mkaa. Watu walitoka kanisani, sauti zao zikapita nje ya ua, mtu akanisalimia kwa kupaza sauti, "Minza, mwadila!", nikaitikia. Nilichota harage moja kwa kijiko, nikalipuliza, nikaliweka ulimini. Lilipondeka bila kutafunwa.

Nikatoa waya. Nikaupangusa kwa pindo la kanga, mara ya kwanza, mara ya pili, nikaupeleka juani. Ulikuwa mweusi kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Nikaufunga kwenye pindo hilo hilo, mafundo mawili, wa kumpelekea Mama Shija, kisha nikaipua maharage.